Kusoma si Kukariri

Ninyi mlio waalimu wa watoto, mwezi huu twataka kulitazama jambo lionekanalo dogo, nalo lina hasara kubwa. Mtoto husimama darasani, hushika kitabu, husoma ukurasa mzima bila kusita, na wote hufurahi. Lakini mwalimu akionyesha neno moja katikati ya mstari, mtoto hunyamaza. Macho yake hayakusoma. Masikio yake yameshika maneno ya wenzake. Huyo akipandishwa darasa pasipo kutambuliwa, atafungiwa mlango wa kila somo.

Basi, yatupasa kufanya nini?

Kwanza, tuanze na sauti za herufi, wala si majina yake. Kiswahili kina irabu tano tu, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake isiyogeuka. Mtoto akizijua, aziunge: ma, me, mi, mo, mu, ndipo asome mama, mimi, meno. Kisha tubadili silabi moja tu: kaka, kata, kama. Hapo hawezi kubahatisha. Hana budi kutazama.

Pili, kusoma na kuandika viende pamoja. Silabi iliyosomwa leo iandikwe leo, ubaoni, daftarini, hata mchangani kwa kidole. Kisha mwalimu atamke, watoto waandike pasipo kuangalia. Tuangalie hasa sauti zifananazo: ngoma na ng'ombe, kula na kura, dhamana na zamani. Mtoto ambaye lugha ya kwao haitengi l na r si mjinga. Ahitaji kusikia vema kwanza, ndipo aandike.

Tatu, tuulize maana. Nani alikwenda sokoni? Mbona alirudi mikono mitupu? Kusoma pasipo kufahamu ni kuteka maji kwa pakacha.

Kwa sababu hiyo mtaala wa Tanzania wa mwaka 2015 uliweka mkazo wa darasa la kwanza na la pili katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Naye Martin Luther, mwaka 1524, aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza kuanzisha shule.

Nanyi wazazi, msiwaachie waalimu peke yao. Jioni ya leo mfunulieni mtoto ukurasa asioujua, mkaifunike picha, mkamsikilize. Akikwama, msimkemee, mrudisheni kwenye silabi, polepole, hata asome mwenyewe.