GOTI LINALOUMA HALITAKI KITANDA

Somo kwa vikundi vya kujisaidia



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo ambalo halitajwi sana mikutanoni, lakini linatuondolea wafanyakazi wetu wazuri: maumivu ya magoti na nyonga kwa watu wa miaka 40 na kuendelea. Watoto wana siku yao ya kliniki. Mama wajawazito wana siku yao. Mtu mzima anayeumwa na goti anaambiwa tu, "Huo ni uzee." Lakini mtu wa miaka 45 bado ana karo ya kulipa na shamba la kulima. Uzee gani huo?

Somo hili litachukua kama saa moja na nusu. Anayejua kusoma awasomee wenzake kwa sauti. Njooni na viti imara, mikeka na leso, kwa sababu tutafanya mazoezi pamoja.

1. KISA

Katika kikundi kimoja cha mwethya huko Ukambani palikuwa na mama wa miaka 48. Kikundi kilikuwa kinachimba matuta ya fanya juu, ile kazi ya kuchimba mtaro kukata mteremko na kurusha udongo upande wa juu. Mama huyu alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Halafu goti la kulia likaanza kumuuma akishuka mlima. Baadaye akawa akiamka asubuhi anakuta limekaza.

Kikundi kilikuwa na sheria: asiyefika kazini analipa shilingi 100. Alilipa mara nne. Mara ya tano akatuita sisi wahudumu wa maendeleo. Nasi, kwa nia njema kabisa, tukamwambia, "Mama, pumzika mpaka goti lipone." Tukawaomba wenzake wamsamehe faini. Tukaenda zetu tukijiona tumesaidia.

Alipumzika miezi mitano. Binti zake wakateka maji na kutafuta kuni. Tuliporudi tulimkuta ameketi chini ya mwembe, na goti linauma kuliko mwanzo. Paja la kulia lilikuwa limekonda, hata kwa macho tu unaona. Hakuweza kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono. Alituambia, "Mlinisamehe kazi, mkaniondoa kikundini."

Maneno hayo yalituingia. Tukaenda naye hospitali kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, yule ambaye wengi humwita mtu wa fiziotherapia. Alilikunja goti na kulikunjua, akapima mapaja yote mawili kwa utepe, kisha akauliza, "Nani alimwambia akae?" Tulijibu ni sisi.

Simameni hapa kwanza mjadiliane:
- Je, katika kikundi chetu kuna mtu aliyeacha kuja kwa sababu ya maumivu ya viungo? Tulimwambia nini?
- Sisi wahudumu tulikosea wapi?

2. GOTI LINAFANYAJE KAZI?

Watu wengi husema, "Mafuta ya magoti yameisha." Hebu tuangalie vizuri.

Ukila paja la kuku, mwishoni mwa mfupa unaona sehemu nyeupe iliyo laini na yenye kuteleza. Hiyo ni gegedu. Sisi pia tunayo. Gegedu hufunika ncha za mifupa pale inapokutana, na katikati kuna ute unaolainisha. Gegedu haina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kutoka kwenye ule ute. Unapotembea, gegedu inabanwa na kuachiliwa kama sponji kwenye maji, na ute unaingia na kutoka. Kwa hiyo goti lisilosogezwa ni goti lisilolishwa vizuri.

Ugonjwa tunaouzungumzia madaktari huuita osteoathraitisi. Gegedu inachakaa, ncha za mifupa zinabadilika umbo, na mara nyingine goti linavimba. Yanayochangia ni umri, uzito wa mwili, goti lililowahi kuumia, kurithi katika jamaa, na miaka mingi ya kuchuchumaa, kupiga magoti na kuinua mizigo. Baridi inaweza kumfanya mtu asikie maumivu zaidi, lakini siyo baridi inayoleta ugonjwa huu. Wala siyo kurogwa.

Wenye shida hii si wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu kama milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na wengi wao ni wanawake. Goti ndilo linaloongoza.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo tulipokosea. Goti halibebi mwili peke yake. Linasaidiwa na misuli ya paja. Misuli ikiwa na nguvu, inapokea sehemu ya uzito kila unapokanyaga. Mtu akikaa tu, misuli inakonda. Ikikonda, uzito unaangukia goti, na goti linauma zaidi. Likiuma zaidi, mtu anazidi kukaa. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mama. Siku moja au mbili za kupumzika goti likiwa limevimba ni sawa. Miezi mitano ni hasara.

3. MAZOEZI TUTAKAYOFANYA LEO

Mazoezi hayarudishi gegedu iliyochakaa. Yanapunguza maumivu na kumrudishia mtu uwezo wa kutembea na kufanya kazi. Anayepata maumivu ya kifua au ambaye presha yake haijatulia aulize kwanza kwenye zahanati.

Zoezi la kwanza: Kubana paja. Keti kwenye mkeka, mguu umenyooka. Kunja leso uiweke chini ya goti. Sukuma leso chini kwa goti, ukibana paja. Hesabu polepole mpaka 5, achia. Mara 10 kila mguu.

Zoezi la pili: Kunyoosha mguu. Keti kwenye kiti. Inua mguu mmoja mpaka unyooke mbele, hesabu mpaka 5, shusha polepole. Mara 10 kila mguu.

Zoezi la tatu: Kuketi na kusimama. Egemeza kiti ukutani kisiteleze. Kunja mikono kifuani, simama, kisha keti polepole bila kujiangusha. Ukishindwa, jisaidie kwa mikono, au ongeza blanketi lililokunjwa juu ya kiti ili kiwe juu zaidi. Anza na mara 5, ongeza kidogo kidogo mpaka 10.

Zoezi la nne: Kuinua visigino. Shika ukuta au mlango. Simama kwa vidole vya miguu, kisha shuka polepole. Mara 10.

Fanyeni mazoezi haya siku tatu kwa wiki. Siku zilizobaki, tembea. Anza na dakika 10 mahali tambarare, uongeze taratibu.

Watu huuliza, "Na kikiuma?" Kuuma kidogo wakati wa zoezi siyo hatari. Jipime asubuhi inayofuata. Kama goti liko kama kawaida yake, ulifanya kiasi. Kama limevimba au linauma kuliko jana, punguza idadi, lakini usiache. Usitazamie mabadiliko wiki ya kwanza. Wengi huanza kuyaona baada ya wiki sita au nane.

Mazoezi haya ni rahisi kuyaacha mtu akiwa peke yake nyumbani. Ndiyo maana tunayaleta kwenye kikundi. Katika nchi ya Denmark, tangu mwaka 2013, wagonjwa wa magoti na nyonga hufundishwa kwa makundi. Wanaelezwa ugonjwa wao, kisha wanafanya mazoezi pamoja mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki sita hivi. Mpango huo umeenea nchi nyingine. Sisi vikundi tunavyo tayari. Dakika 20 kabla ya mkutano zinatosha kuanza.

4. KAZI ZETU ZA KILA SIKU

Kuendelea na kazi siyo kulazimisha kila kazi. Tubadilishe namna tunavyoifanya.

- Maji. Mtungi wa lita 20 una kilo 20. Bora mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, au safari mbili. Penye njia nzuri, wilbaro au punda.
- Palizi. Usichuchumae saa nzima. Tumia jembe la mpini mrefu, na kila nusu saa simama, tembea, badilisha kazi.
- Jikoni. Inua meko yawe ya kupikia ukiwa umesimama. Kama haiwezekani, acha kigoda, tumia kiti cha kawaida.
- Choo. Hili watu huona haya kulisema, lakini ndilo linalowatesa wengi. Fundi anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, na kusimika mti imara wa kushika.
- Fimbo. Shika fimbo kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto. Ukisimama wima, kichwa cha fimbo kifike kwenye kiwiko kidogo cha mkono, pale unapovaa saa.
- Uzito. Kwa mtu mnene, kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Akipunguza kilo 5, ni kama kilo 20. Huo ni mtungi mzima wa maji.

5. DAWA NA HOSPITALI

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinasaidia kwa muda, lakini zikimezwa kila siku bila kupimwa zinaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au ugonjwa wa figo asizinunue bila kuuliza. Na vidonge vilivyofungwa kwa karatasi bila jina, tafadhali, viacheni sokoni.

Enda hospitali siku hiyo hiyo kama:
- kiungo kimevimba ghafla, kina joto na una homa;
- umeanguka na huwezi kukanyaga.

Enda upimwe bila kukawia kama:
- viungo vidogo vya mikono yote miwili vimevimba, na asubuhi vinakaza kwa saa nzima au zaidi. Huenda huo ni ugonjwa mwingine, baridi yabisi, wenye dawa zake;
- maumivu hayakuachi usiku, au unakonda bila sababu.

Ukifika hospitali, usirudi na vidonge tu. Uliza, "Mtaalamu wa tiba ya viungo yuko siku gani?" Mwombe akuonyeshe mazoezi ya kufanya nyumbani.

6. MWISHO WA KISA

Yule mama alianza na zoezi la kubana paja, akiwa juu ya mkeka pale pale chini ya mwembe. Wiki ya pili alilia, akasema tunamtesa. Wenzake wawili wakawa wanapita kwake jioni kufanya naye. Mwezi wa tatu aliinuka kwenye kiti bila kushikwa.

Goti halijapona. Siku nyingine linavimba, naye anapunguza. Hachimbi mtaro tena. Lakini kikundi kilibadilisha sheria yake. Siku hizi haiandikwi "asiyefika kuchimba," bali "asiyefika kufanya kazi aliyopewa." Yeye hupima mistari ya matuta kabla ya wengine kuchimba, na hupanda nyasi za kushika udongo, akitembea toka upande huu wa shamba mpaka ule. Faini hajalipa tena.

Nasi tulijifunza kutomwambia mtu apumzike kabla ya kumuuliza anataka kurudia kazi gani.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Ni kazi gani za kikundi chetu ambazo mtu mwenye goti bovu anaweza kuzifanya? Zitajeni tano.
2. Je, sheria zetu za faini zinamfukuza mgonjwa bila sisi kutaka? Tubadilishe nini?
3. Nani atamtembelea yule aliyeacha kuja, na siku gani?

AZIMIO: Andikeni katika kitabu cha mkutano siku ya mazoezi, jina la atakayeongoza, na jina la mtu wa kwanza kutembelewa. Baada ya wiki nane, kila mtu ahesabu ni mara ngapi anaweza kuketi na kusimama, alinganishe na leo. Tuandikieni mliyoyaona, hata kama hayakufaulu.