Mafuta "Yasiyo na Kolesteroli"

SWALI: Daktari, dumu la mafuta ya mawese ninayonunua limeandikwa "hayana kolesteroli". Mbona kipimo changu bado kiko juu?

JIBU: Maandishi hayo ni kweli, ila yanapotosha, na jambo hilo linanikera. Kolesteroli ya chakula hutoka kwa wanyama. Tena sehemu kubwa ya iliyo mwilini mwako huitengeneza ini lako mwenyewe, maana inahitajika kujenga utando wa seli, homoni na nyongo. Shida ni mafuta yanayoganda: karibu nusu ya mawese, na zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi. Hayo hupunguza uwezo wa ini kuondoa LDL, yaani kolesteroli mbaya, kwenye damu, nayo ikizidi hujipenyeza katika kuta za mishipa ya moyo. Pikia alizeti, kwa kijiko, usimimine. Ukiwa umeandikiwa statini, dawa za kushusha kolesteroli, usiziache.