Tanuru la Matofali Lisiloiva: Sababu Zake na Namna ya Kulitunza

Mvua zinapokoma mwezi Mei na barabara za vijijini kuanza kutimua vumbi, kazi ya kufyatua matofali huanza katika kata nyingi za Nachingwea na Ruangwa. Familia iliyopata chochote katika msimu wa korosho au ufuta huona kuwa huu ndio wakati wa kuanza nyumba. Udongo upo, maji ya kukandia bado yapo mabondeni, na fundi anapatikana. Ifikapo Agosti, matanuru huonekana yakifuka moshi pembezoni mwa vijiji. Siku ya kufungua ndipo baadhi ya wenye nyumba hukuta hasara: matofali ya nje yanabomoka mkononi kama udongo wa kichuguu, ya katikati yamepasuka, na yale ya karibu na moto yameyeyuka na kushikana kuwa jiwe moja.

Kauli inayosikika mara nyingi siku hiyo ni kwamba kuni zilipungua. Msimu unaofuata mwenye nyumba huongeza tripu nyingine ya magogo, na matokeo huwa yale yale kwa gharama kubwa zaidi. Mara nyingi chanzo cha hasara ni maji yaliyobaki ndani ya matofali, pamoja na haraka ya siku ya kwanza ya kuchoma.

Tofali linapotoka kwenye kalibu huwa na maji yanayokaribia robo ya uzito wake. Likianikwa juani kwa siku chache, uso wake hukauka huku moyo wake ungali na unyevu. Hesabu yake ni nyepesi. Tofali likibakiwa na gramu 100 tu za maji, tanuru la matofali 10,000 hubeba lita 1,000, yaani mapipa 5 ya lita 200. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kunahitaji si chini ya kilo 150 za kuni kavu, hata kama joto lote lingetumika bila kupotea. Na katika tanuru la kienyeji sehemu kubwa ya joto hupotea. Zaidi ya hayo, mvuke ukitafuta njia ya kutokea kwa nguvu, tofali hupasuka.

Kwa sababu hiyo fundi mzoefu huvunja matofali mawili matatu kutoka pande mbalimbali za rundo kabla ya kuanza kupanga. Rangi ikiwa moja kutoka ukingoni hadi moyoni, yamekauka. Moyo ukiwa na weusi zaidi, yasubiri. Kwa kawaida huhitaji wiki mbili au zaidi, na siku za mwanzo hufunikwa kwa nyasi ili jua lisiyakaushe upande mmoja na kuyapinda.

Kuni nazo zina maji yake. Gogo lililokatwa jana linaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake; hufuka moshi mwingi na kutoa joto dogo. Magogo manene yapasuliwe na kuanikwa miezi kadhaa kabla ya kazi. Wilaya hizi zina akiba ambayo wengi huichoma shambani bila faida: matawi ya mikorosho yanayopogolewa baada ya mavuno. Yakikatwa mapema mwakani na kupangwa mahali penye upepo, hadi Agosti huwa yamekauka vizuri. Maganda ya korosho huwaka kwa ukali, lakini mafuta yake huunguza ngozi na moshi wake huwasha macho na koo. Hayafai kutumika karibu na makazi. Anayekusudia kuvuna miti msituni akumbuke kuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uvunaji huo. Aanzie ofisi ya Mtendaji wa Kijiji na kwa Afisa Misitu kabla ya kunoa shoka.

Uchomaji wenyewe huharibika zaidi katika saa za mwanzo. Moto wa kwanza uwe mdogo, usiku na mchana, mpaka mvuke mweupe unaotoka juu ya tanuru uishe. Kipimo chake ni rahisi: nondo baridi huchomekwa kwa muda mfupi katika upenyo wa juu, kisha hutolewa. Ikitoka na matone ya maji, moto usiongezwe. Kazi hii huweza kuchukua siku nzima au zaidi, na hapa ndipo vijana wa kuchochea huchoka na kutumbukiza magogo ili wakalale. Mwenye nyumba aliyegharamia miezi ya kufyatua anastahili kukesha nao usiku huo.

Mvuke ukiisha, moto huongezwa hatua kwa hatua. Matofali huiva vizuri kwenye joto la nyuzi 900 hadi 1,000 za Selisiasi. Kijijini hakuna kipimajoto cha kufika huko, lakini jicho la usiku linatosha: wekundu uliokolea ni dalili kuwa joto bado halijafika, na rangi inayoelekea chungwa ni dalili njema. Matofali yakiiva hupungua ukubwa, hivyo kilele cha tanuru hushuka kidogo. Rangi hiyo ikionekana hadi tabaka za juu na kilele kikashuka, midomo yote ya moto huzibwa kwa matofali na udongo, na juu hufunikwa. Anayeendelea kuchochea baada ya hapo huyeyusha matofali ya chini.

Upande mmoja ukibaki mbichi, mara nyingi sababu ni upepo. Upepo wa kusi huingia kwa nguvu katika midomo inayoukabili na kusukuma joto upande wa pili. Midomo hiyo izibwe kwa sehemu, ibaki nafasi ndogo ya hewa. Moto ukizubaa ilhali kuni ni kavu, pengine majivu na makaa yamejaa ndani. Yachokonolewe kwa mti mrefu. Matofali ya nje yakibaki ghafi, kuta hazikukandikwa vya kutosha. Udongo uliochanganywa na nyasi ukandikwe pande zote, na kila ufa unaovujisha moshi uzibwe mara uonekanapo.

Tanuru linalotumika kila mwaka lijengwe juu ya msingi ulioinuliwa wa matofali ya zamani, wenye mfereji pembeni, ili unyevu wa ardhi usipande. Nyasi zifyekwe kulizunguka kwa upana usiopungua mita 10, kwani cheche moja ya Septemba huweza kuteketeza mikorosho ya majirani. Moto ukitoroka, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, bila malipo. Mashimo ya udongo nayo yafukiwe au yazungushiwe uzio kabla ya mvua za Desemba. Yakijaa maji huwa mazalia ya mbu na hatari kwa watoto wanaochezea karibu.

Baada ya kuzibwa, tanuru liachwe lipoe kwa muda wa wiki moja. Likifunguliwa mapema, hewa baridi huyapasua matofali yaliyokwisha kuiva. Yanapopakuliwa, yagongwe mawili mawili: lililoiva hulia kama chuma, lisiloiva hutoa sauti nzito. Yasiyoiva yasitumike kwenye msingi wala ukuta wa nje. Yawekwe mahali pakavu, na msimu ujao yapangwe tena tanuruni, mahali ambapo moto hufika vizuri zaidi.