Maonyesho ya Tiki: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Baa za tiki zilizoenea Marekani kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1960 zimeacha vitu vingi vya kuonyesha: vikombe vya kauri vyenye sura za miungu, menyu za rangi, santuri, mashati ya maua, sanamu za mbao. Majumba ya makumbusho yanavipenda kwa sababu vinavuta watu. Lakini kila yanapofunguliwa maonyesho mapya nakutana na makosa yaleyale, tena makosa ambayo yangeepukika kwa kusoma kidogo na kuwauliza wanaohusika.

Shika hili kabla ya lolote: ndoto ilikuwa ya Wamarekani, visiwa vilikuwa vya watu wengine, na watu hao walikuwa hai wakati ndoto hiyo ikiotwa. Maonyesho yanayoonyesha ndoto peke yake ni tangazo la baa.

NDOTO NI YA NANI

Fanya

*Anzia Hollywood.* Mwaka 1933, Ernest Gantt, ambaye baadaye alijiita Donn Beach, alifungua huko baa ndogo ya vinywaji vya ramu na kuipamba kwa vitu alivyookota safarini. Mwaka 1934 Victor Bergeron alifungua mkahawa Oakland, ule uliokuja kuitwa Trader Vic's. Walikuwa wafanyabiashara wa California, marufuku ya pombe ikiwa imefutwa na uchumi ukiwa umeanguka. Watu walitaka kusahau shida kwa jioni moja, nao wakauziwa kusahau huko. Mgeni asiyeambiwa haya ataondoka akidhani ameiona Tahiti.

*Eleza vita.* Maelfu ya askari wa Marekani walipitia Pasifiki katika Vita vya Pili vya Dunia, wakarudi na hadithi. James Michener alichapisha hadithi zake za Pasifiki ya Kusini mwaka 1947, na kufikia 1949 zilikuwa zimegeuzwa tamthilia ya muziki, *South Pacific*, iliyojaza kumbi za New York. Bila vita huwezi kueleza kwa nini mtindo wa baa chache ukaingia hadi kwenye bustani za nyumba za kawaida.

Usifanye

*Usiandike "sanaa ya Polynesia" chini ya kikombe cha kiwandani.* Kwa watu wa visiwa vya Marquesas na kwa Wamaori, tiki ni umbo la mtu linalohusu asili na mababu. Kikombe ni bidhaa ya baa. Andika nani alikitengeneza, mji gani, mwaka gani, kwa ajili ya mkahawa upi. Kama hujui, andika kwamba ni bidhaa ya Marekani au Japani, kwa kadiri ushahidi unavyokuruhusu, uishie hapo.

*Usivuruge visiwa.* Polynesia ni pembetatu kati ya Hawaii, New Zealand na Rapa Nui. Vinyago vya Mto Sepik vinatoka New Guinea, yaani Melanesia. Bikini iko Mikronesia. Wenye baa walivitundika vyote ukuta mmoja. Wewe si mwenye baa. Itazame *South Pacific*: hadithi za Michener ziko kwenye visiwa vya Melanesia, mhusika Bloody Mary ni mwanamke wa Tonkin, Vietnam, aliyemwigiza ni Juanita Hall, Mmarekani mweusi, na filamu ya 1958 ikapigwa Kauai, Hawaii. Mchanganyiko huo ndio habari. Uanike mbele ya mgeni, usiurudie kwenye maelezo yako.

TAREHE NA UKUTA

Fanya

*Weka tarehe za pande zote mbili, ndoto na visiwa, ukuta mmoja, kwa herufi za ukubwa mmoja.* Machi 1946 watu 167 waliondolewa Bikini ili Marekani ijaribu mabomu ya nyuklia. Walipelekwa Rongerik, wakakumbana na njaa. Mwaka 1947 Amerika ilikuwa inamsoma Michener. Tarehe 1 Machi 1954 bomu la Bravo lililipuliwa Bikini na majivu yake yakawaangukia watu wa Rongelap. Mwaka 1957 Martin Denny alitoa albamu yake *Exotica*. Mwaka 1959 Hawaii ilifanywa jimbo na ndege za jeti zikaanza kushusha watalii Honolulu. Msomaji akiziona tarehe hizi zikifuatana, hahitaji hotuba yako.

*Chagua kitu kimoja ukieleze mpaka mwisho.* Chukua kikombe chenye sura ya moai, sanamu ya mawe ya mababu wa Rapa Nui. Paji pana, pua ndefu, midomo iliyobana, tundu la kupitishia mrija kisogoni. Sasa mweleze mgeni Rapa Nui ilikuwaje wakati watu wanakinywea. Kisiwa kizima kilikuwa shamba la kondoo chini ya kampuni hadi 1953, kisha kikasimamiwa na jeshi la majini la Chile. Wenyeji walibanwa katika kijiji cha Hanga Roa, na haki kamili za uraia hawakuzipata hadi 1966. Mmarekani aliweza kuinunua sura ya babu yao kwa bei ya kinywaji, huku wao hawawezi kutembea kwa uhuru hadi pale babu huyo aliposimama. Mistari sita inatosha kwa maelezo ya namna hiyo. Hakuna kisingizio cha kuyakosa.

Usifanye

*Usijenge chumba cha masikitiko mwishoni.* Huu ndio ugonjwa mkubwa wa maonyesho haya. Kumbi nne za mapambo na muziki, halafu kona yenye taa nyeupe na ubao mrefu kuhusu ukoloni, karibu na mlango wa kutokea. Mgeni amechoka, mtoto analia, duka linaonekana. Anapita. Ukiitenga gharama na starehe umemwambia kwamba ni mambo mawili yasiyojuana.

*Usianzishe historia ya Hawaii mwaka 1959.* Malkia Liliuokalani alipinduliwa 1893 na wafanyabiashara waliosaidiwa na wanajeshi wa Marekani waliokuwa wameshushwa Honolulu, na nchi ikatwaliwa 1898. Ujimbo bila mapinduzi ni hadithi ya harusi isiyotaja kwamba bibi harusi alitekwa.

*Usifunge hesabu mapema.* Wasimamizi wengi hukomea 1963, mwaka Disneyland ilipofungua ukumbi wake wa tiki wenye ndege wanaoimba kwa mitambo. Ufaransa ilianza majaribio ya nyuklia Moruroa, Polynesia, mwaka 1966, ikaendelea hadi 1996, jumla 193 pamoja na yale ya Fangataufa. Mtindo wa baa ulikuwa umeshachakaa. Visiwa bado vilikuwa vinatumiwa.

WATU

Fanya

*Waite watu wa visiwani wenyewe kabla hujachora ramani ya ukumbi.* Mfano upo. Mwaka 1984 maonyesho ya *Te Maori* yalifunguliwa Metropolitan Museum, New York. Kabla vitu 174 havijasafiri, Wamaori ambao mababu zao walivichonga waliombwa ridhaa, na wazee wao walikwenda kufanya ibada ya alfajiri siku ya ufunguzi. Hapo ilithibitika kwamba jumba kubwa linaweza kuomba ruhusa na lisipungukiwe kitu. Baada ya hapo, anayesema haiwezekani anamaanisha hataki.

*Walipe, na ukubali wakisema hapana.* Ushauri ni kazi. Na ridhaa isiyoweza kukataliwa ni taarifa tu. Wakisema sanamu fulani isiwekwe karibu na vyombo vya pombe, iondoe siku hiyohiyo.

*Wataje waliofanya kazi.* Wengi wa waliochanganya vinywaji katika baa hizi walikuwa Wafilipino, watu wa nchi iliyokuwa chini ya Marekani hadi 1946. Donn Beach alificha siri za vinywaji vyake kwa kuweka namba kwenye chupa badala ya majina, lakini mikono iliyovichanganya ilikuwa yao. Ray Buhen, aliyeanzia kwa Donn Beach, alifungua Tiki-Ti yake Los Angeles mwaka 1961. Chakula kilichoitwa cha visiwani mara nyingi kilikuwa cha Kikanton. Ukimtaja mwenye baa ukamwacha aliyeishika baa, umeandika historia ya tajiri peke yake.

Usifanye

*Usiwaalike watu wa visiwani kuja kucheza ngoma tu siku ya ufunguzi.* Kama mara ya kwanza kuwapigia simu ni unapotafuta wa kuburudisha wageni rasmi, umefanya walichofanya wenye baa. Nimeliona jumba moja likifanya hivyo, likashangaa wachezaji walipofika, wakatazama makabati, wakaondoka kabla ya hotuba.

*Usifanye mwili wa mwanamke kuwa bango lako.* Utaona jalada la *Exotica* na utatamani kulikuza hadi dari. Yule ni Sandra Warner, mwanamitindo wa Marekani, na milio ya ndege ndani ya albamu iliigizwa na wanamuziki wa Denny wenyewe. Lionyeshe kwa ukubwa wake wa santuri, pamoja na maelezo hayo. Ukilikuza na kulitundika barabarani, unauza kilekile kilichouzwa 1957.

*Usionyeshe mabaki ya binadamu.* Wala kwa picha. Vichwa vya Wamaori vilivyohifadhiwa viliuzwa kama vitu vya ajabu karne ya 19, na New Zealand inaendelea kuvirudisha nyumbani. Mwaka 2012 Ufaransa ilirudisha 20. Ukikuta kitu kama hicho kwenye mkusanyo ulioazima, simamisha kazi na uwasiliane na wanaohusika.

MABAHARIA

Fanya

*Ukionyesha Kon-Tiki, weka Hokule'a kando yake.* Thor Heyerdahl alitoka Callao, Peru, Aprili 1947 na Kon-Tiki, chelezo cha magogo ya balsa, akafika Raroia, Polynesia, baada ya siku 101. Alitaka kuonyesha kwamba watu wa Polynesia walitoka Amerika Kusini. Lugha, akiolojia na vinasaba vinasema asili yao ni Asia, na inaelekea wao ndio waliovuka bahari hadi kukutana na watu wa Amerika. Mwaka 1976 Hokule'a, mtumbwi pacha wenye matanga, ulisafiri kutoka Hawaii hadi Tahiti bila dira wala chombo chochote cha kuongozea. Aliyeuongoza ni Mau Piailug wa Satawal, Mikronesia, kwa kusoma nyota na mawimbi.

Usifanye

*Usiache nadharia iliyoshindwa isimame bila jibu.* Safari ya Heyerdahl ilikuwa ya ushujaa, na hilo liseme. Lakini nadharia yake ilikuwa na maana kwamba watu wa visiwani walisukumwa na maji kama magogo. Kuwanyima watu ubaharia wao ni kuwapora, hata ukifanya hivyo kwa picha nzuri.

VITU VYENYEWE

Fanya

*Tenga mianzi, makuti na mikeka kabla haijaingia stoo.* Wadudu wanaotoboa mianzi hawajali thamani ya kitu. Unga laini chini ya kiti ni dalili kwamba wanakula. Kitu kigandishwe kwa utaratibu wa mhifadhi wako, ndipo kiingie.

*Punguza taa.* Lux 50 kwa menyu, mashati, manyoya na vitambaa vya magome. Rangi iliyofifia hairudi. Giza la baa kwa mara ya kwanza liko upande wako, litumie.

*Kagua vibali.* Mapambo ya baa hizi yana magamba ya kasa ng'amba na makombe ya chaza wakubwa. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, unatumika tangu 1975. Kitu kikizuiwa mpakani, ukuta wako utabaki mtupu siku ya ufunguzi.

Usifanye

*Usifute vumbi kwenye michoro ya mahameli.* Michoro ya Edgar Leeteg, aliyefanya kazi Moorea hadi kifo chake 1953, imepakwa juu ya mahameli meusi. Kitambaa chenye unyevu kikigusa nyuzi za mahameli, zinalala na rangi inang'oka. Mwite mhifadhi wa nguo.

*Usiguse samaki bunju waliokaushwa, wala wanyama waliojazwa zamani, kwa mikono mitupu.* Vingi vilipakwa sumu za kuzuia wadudu, aseniki ikiwamo. Vaa glavu, na vipimwe.

*Usiuze vikombe vya sura za mababu dukani kwako.* Huwezi kueleza madhara ghorofani na kuyafungia mfukoni ghorofa ya chini. Uza vitabu vya waandishi wa Pasifiki na kazi za wasanii wao walio hai, kwa bei waliyopanga wao.

Kabla ya kufungua, ondoa kwa mawazo kila kitu kinachowahusu watu wa visiwani wenyewe. Kama maonyesho yako bado yanasimama na kueleweka bila wao, hujayamaliza. Ahirisha ufunguzi.