Je, saratani ya koo inarithiwa?

Swali: Baba alifariki kwa saratani ya koo, na sasa kaka yangu amekutwa nayo. Mimi navuta sigara kidogo tu. Iko kwenye damu yetu?

Jibu: Pole sana. Mzazi au ndugu wa tumbo moja akiugua saratani ya kichwa na shingo (kundi ambamo ya koo imo), hatari yako hupanda, lakini kwa wastani si hata mara 2. Uchambuzi mkubwa wa kimataifa wa mwaka 2009 ulikuta takriban mara 1.7, na kwa mwenye historia hiyo anayevuta na kunywa pombe, ilifika mara 7. Hiyo "kidogo tu" yako ndiyo inayonitia wasiwasi. Tena familia hurithishana hata pakiti ya sigara.

Upo urithi mzito kweli, kama anemia ya Fanconi, ambapo jeni za kukarabati DNA zina hitilafu na saratani ya mdomo huja mapema hata bila tumbaku. Ni nadra mno.

Acha sigara. Kidonda mdomoni, sauti kukwaruza au uvimbe shingoni ukizidi wiki 3, muone daktari wa masikio, pua na koo, na umweleze habari za baba na kaka.