Choo Kikiharibika: Ushike Spana au Umwite Fundi?

Mzazi mmoja wa hapa mjini Machakos alimleta mtoto wake kwangu akiharisha. Katika kuulizana, nikafahamu kwamba siku chache awali choo cha nyumbani kiliziba, naye akakizibua kwa mikono mitupu ili asimlipe fundi. Alijipangusa kwa kitambaa, kisha akaketi kula ugali na watoto.

Sikumlaumu kwa kutaka kuokoa pesa. Kosa lake lilikuwa kutojua mpaka. Mpaka wenyewe ni huu: maji safi ni kazi yako, maji machafu ni ya fundi.

Kazi yako
Maji ya tangi la choo hayajachafuka. Boya likikwama au mpira wa ndani ukichakaa, funga koki, ununue kifaa kipya na ukibadilishe. Ili kujua kama tangi linavuja, tia rangi ya chakula ndani yake na ungoje nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikitokea kwenye bakuli, mpira umechakaa. Usipuuze: tangi likivuja usiku kucha wakati wa mgao, asubuhi mtakosa maji ya kunawa mikono.

Kuziba kidogo unaweza kujaribu kwa pampu ya mpira, ukivaa glavu. Ukishindwa, acha.

Kazi ya fundi
Mwite fundi iwapo choo kinaziba mara kwa mara, maji taka yanarudi juu, au bomba la uchafu limepasuka. Kinyesi hubeba viini vya kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A. Tena, maji ya mfereji yanapokatika, bomba lenye ufa huweza kufyonza uchafu ulio karibu nalo. Tusisahau kuwa mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 ulifika Machakos pia.

Tafuta fundi mwenye cheti cha NITA, na mpatane bei kabla ya kazi. Kama ulimwaga asidi chooni, mwambie, isije ikamrukia machoni.

Mambo mawili yanayoua
Kwanza, usichanganye asidi ya choo na Jik. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu.

Pili, usiingie katika shimo la maji taka. Gesi yake hunuka kama yai viza, lakini ikizidi hulemaza pua, usinuse kitu, nawe ukazimia. Mara nyingi anayeshuka kumwokoa mwenzake hufa naye. Paza sauti uombe msaada, lakini usishuke.

Na mtu akianza kuharisha majimaji, mpe maji ya chumvichumvi yanayouzwa madukani ya dawa, kidogo kidogo, huku mkielekea hospitali bila kukawia.

Mtoto yule alipona. Lakini gharama ya matibabu yake ilizidi ile ambayo fundi angelipwa.