Dondoo muhimu: Ukiletewa barua ya Sultani

Barua ya Sultani wa Zanzibar ikikufikia Komarock kutoka sanduku la babu wa Mombasa, anza na tarehe. Seyyid Barghash, kwa mfano, alitawala 1870 hadi 1888, yaani 1287 hadi 1305 Hijria. Yenye sahihi yake na mwaka 1310 si yake, hata muuzaji aape. Tafuta msomaji wa Kiarabu kabla ya kutoa pesa.

Usiipeleke duka la fotokopi ikafunikwa plastiki ya moto, wala usibandike selotepu: gundi hula karatasi, na doa lake la manjano halitoki. Bahasha safi yatosha, mbali na jua la dirishani. Maelezo yaandike kwenye bahasha, kwa penseli.

Ina muhuri wa hifadhi ya nyaraka? Usinunue, huenda imeibwa. Waulize Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi.